Wadudu, buibui, kaa au jongoo: uanze na kundi gani la arithropodi?

Kiswahili kina neno pana sana: mdudu. Mende ni mdudu, buibui ni mdudu, tandu ni mdudu, kupe na jongoo vilevile. Kaa tumemweka kando, tunamhesabu pamoja na viumbe wa baharini. Lakini vinasaba vinasema jingine: udugu wa nyuki na kaa ni wa karibu kuliko wa nyuki na buibui. Ukoo wa wadudu ulichipuka kutoka ndani ya ukoo wa kina kaa na kamba. Nilipolielewa jambo hili sikuweza tena kumtazama panzi kama zamani, na tangu hapo kila anayeniuliza aanzie wapi kuwajua arithropodi, yaani wanyama wenye gamba la nje na miguu ya viungo, namrudishia swali: unataka kuona nini?

Makala haya ni ya mtu aliyekwama hapo. Labda unafundisha, labda una mtoto mwenye maswali yasiyoisha, labda unataka tu kuelewa kinachotembea ukutani usiku. Mbele yako kuna makundi manne: wadudu wenyewe, araknida, yaani buibui, nge, kupe na jamaa zao, krasteshia, yaani kaa, kamba na wenzao, na miriapodi, yaani jongoo na tandu. Kuanza na yote kwa mpigo hakuwezekani. Faila hii, yaani kundi kuu la arithropodi wote, ina spishi zaidi ya milioni moja zilizokwisha kupewa majina, na katika kila spishi tano za wanyama zilizoelezwa na sayansi, takriban nne ni zake.

Wanachofanana wote

Mwili wa arithropodi umegawanyika pingili pingili kama muwa, na miguu yake ina viungo. Ndani hana mifupa; amevaa gamba la nje lililojengwa kwa kitini, dutu ngumu, na protini, na misuli imejishika kwenye gamba hilo kwa upande wa ndani. Moyo uko mgongoni na uzi mkuu wa neva unapita tumboni, kinyume kabisa na sisi. Damu haizunguki ndani ya mishipa mwanzo mwisho, bali humwagika katika nafasi za mwili na kuviosha viungo moja kwa moja.

Gamba ni ulinzi, na pia ni kifungo, kwa sababu halikui. Kuanzia utitiri asiyeonekana kwa macho hadi kaa-buibui wa Japani, ambaye miguu yake ikinyooshwa hupita upana wa mita 3, kila mmoja sharti ajivue gamba mara kadhaa maishani. Ngozi mpya huandaliwa chini ya ile ya zamani. Wakati ukifika mnyama hujijaza hewa au maji, gamba linapasuka, naye anajikokota nje akiwa laini na amepauka. Saa hizo hawezi kupigana wala kukimbia vizuri, ndiyo maana wengi hujificha kwanza.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kundi nimelipima kwa mambo matano. La kwanza ni umbo: unamtambuaje, na mwili wake unakufundisha nini. La pili ni pumzi, kwa sababu namna mnyama anavyopata hewa ndiyo inayoamua anaishi wapi na anaweza kuwa mkubwa kiasi gani. La tatu ni ukuaji, hasa kile unachoweza kukishuhudia mwenyewe bila maabara. La nne ni wingi wa aina zake, yaani ugumu wa kumpa jina lake sahihi. La tano ni upatikanaji na hatari.

Vifaa ni vilevile kwa makundi yote: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, chupa pana yenye mfuniko uliotobolewa, sahani nyeupe, daftari. Kamera ya simu inasaidia, lakini daftari linasaidia zaidi, maana kuchora kunakulazimisha kuhesabu.

Wadudu

*Umbo.* Sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Miguu sita, yote imeota kifuani, na vipapasio viwili kichwani. Wengi wana mabawa, nayo pia yameota kifuani. Ukikuta kiumbe mdogo mwenye mabawa halisi na hana uti wa mgongo, huyo ni mdudu. Hakuna arithropodi mwingine anayeruka kwa mabawa.

*Pumzi.* Hawana mapafu. Ubavuni wana vitundu vidogo vinavyofungukia kwenye mirija ya hewa, na mirija hiyo inajigawa mpaka inazifikia seli zenyewe. Oksijeni inafika bila kubebwa na damu, na ndiyo sababu damu ya wadudu wengi si nyekundu. Mtindo huu ni mzuri kwa mwili mdogo tu, na ni mojawapo ya sababu zinazotolewa za kutokuwapo mende wa ukubwa wa paka.

*Ukuaji.* Hapa wadudu hawana mpinzani. Panzi na mende hukua hatua kwa hatua: mtoto anafanana na mzazi ila hana mabawa kamili, na kila akijivua gamba anamkaribia. Vipepeo, nzi, nyuki na mbawakawa wanafuata njia nyingine: yai, kiwavi au buu, pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda, kisha mdudu kamili. Ndani ya pupa sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa, na mwili mpya hujengwa kutokana na mafungu ya seli yaliyokuwa yakisubiri tangu utotoni. Mtafiti wa wadudu Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na umri wa miaka 13, katika zama ambazo watu wengi waliamini wadudu huzuka kwenye matope na uozo. Alichokuwa nacho ni viwavi, majani, subira na brashi ya kuchorea. Wewe pia, kwa kiwavi mmoja na majani ya mmea uleule uliomkuta akiutafuna, unaweza kuona safari hiyo kwa majuma machache tu.

Nakuomba jambo moja: ukiona gamba tupu la panzi limening'inia kwenye jani, usilipite. Lichukue taratibu, liweke kwenye sahani, uangalie ndani kwa lenzi. Utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa pamba, zimejikunja upande wa ndani wa gamba. Hizo ni kuta za mirija ya hewa. Panzi alipotoka hakuvua koti la nje peke yake, bali aling'oa hadi utando wa njia zake za pumzi. Mara ya kwanza nilipoziona nilikaa na lile gamba mkononi kwa muda mrefu nikitafakari maana ya kujivua kitu ulichokuwa ukikivutia pumzi.

*Wingi wa aina.* Takriban spishi milioni moja zimeelezwa, na kati ya hizo 350,000 hadi 400,000 ni mbawakawa peke yao. Kulitambua kundi kubwa, kama hawa ni nzi na wale ni nyigu, utajifunza kwa siku chache. Kufikia jina la spishi ni kazi nyingine, na mara nyingi inahitaji hadubini na mtaalamu.

*Kuwapata na hatari.* Wako kila mahali isipokuwa katika bahari kuu, ambako ni wachache mno. Wengi hawana madhara. Mwenye mzio wa sumu ya nyuki au nyigu akae mbali na viota, na maji yaliyotuama yasiachwe kuwa zizi la mbu kwa kisingizio cha kujifunza.

*Wanamfaa nani.* Mwenye hamu ya kuona mabadiliko, na mwenye muda mfupi.

Araknida

*Umbo.* Miguu minane, hakuna vipapasio, hakuna mabawa. Buibui ana sehemu mbili za mwili zilizounganishwa na kiuno chembamba. Nge ana mkia wa pingili wenye mwiba na makoleo mawili mbele. Makoleo hayo si miguu. Kupe na utitiri miili yao imeungana kama punje moja.

Miguu ya buibui ina siri yake. Katika viungo vikubwa hana misuli ya kuunyoosha mguu. Anaukunja kwa misuli, lakini anaunyoosha kwa kusukuma damu ndani yake. Ndiyo maana buibui aliyekufa hulala chali miguu imejikunja kama kiganja kilichofumbwa: msukumo wa damu umekwisha na misuli ya kukunja haina wa kushindana naye.

*Pumzi.* Nge na buibui wengi wana mapafu yenye tabaka nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu. Buibui wengi wana mirija ya hewa pia. Damu ya buibui na nge hubeba oksijeni kwa protini yenye shaba, na ikikutana na hewa huwa na rangi ya bluu hafifu.

*Ukuaji.* Hakuna kiwavi wala pupa. Buibui mdogo ni buibui kamili aliyefinyangwa kwa kipimo kidogo. Nge hazai mayai; huzaa watoto hai, nao hupanda mgongoni kwa mama na kukaa huko mpaka wajivue gamba mara ya kwanza. Anayetafuta maajabu ya mabadiliko hatayapata hapa kwa wingi.

Atakachopata ni tabia. Kesha siku moja na buibui wa utando wa duara. Kwanza anafunga fremu, kisha nyuzi zinazotoka katikati kama spoku za baiskeli, kisha anazungusha uzi wa muda usionata, wa kumsaidia kutembea. Halafu anageuka na kurudi kutoka nje kuelekea ndani akiweka uzi unaonata, huku akiuondoa ule wa muda kadiri anavyosonga. Kazi yote mara nyingi haimalizi saa nzima, na inafanywa kwa kugusa zaidi kuliko kwa kuona. Wengi wao huula utando wa zamani kabla ya kufuma mpya, hivyo protini haipotei.

Buibui mrukaji, yule mfupi mwenye macho makubwa mawili mbele, ni darasa la namna nyingine. Msogelee polepole naye atakugeukia akuangalie, maana katika wanyama wa kimo chake ni wachache wanaoona vizuri kama yeye.

*Wingi wa aina.* Zaidi ya spishi 100,000 zimeelezwa kwa jumla, na buibui wamepita 50,000. Kuwapanga kifamilia kwa aina ya utando na mpangilio wa macho inawezekana kwa anayeanza. Utitiri ni bahari nyingine, na sikushauri uanzie huko.

*Kuwapata na hatari.* Buibui hawakosekani kwenye kona za nyumba. Karibu wote wana sumu ya kuulia mawindo, lakini walio hatari kwa binadamu ni wachache sana. Nge ni suala jingine. Baadhi yao wanaua. Wahenga walisema dudu liumalo usilipe kidole, na kwa nge lichukue neno hilo kama lilivyo. Ukitaka kumwona vizuri, tumia tochi ya mwanga wa urujuanimno usiku, ukiwa umevaa viatu vilivyofunika miguu yote: gamba lake hung'aa rangi ya kijani-bluu gizani, na unaweza kumtazama kwa umbali wa hatua kadhaa bila kumgusa. Kupe nao hueneza magonjwa, kwa hiyo baada ya kutembea kwenye majani marefu jikague mwili mzima.

*Wanamfaa nani.* Mwenye subira ya kukaa kimya na kutazama kiumbe mmoja akifanya kazi yake.

Krasteshia

*Umbo.* Jozi mbili za vipapasio. Hicho ndicho kitambulisho chao. Vingine vyote vinabadilika kupita kiasi: kaa, kamba, uduvi, dafnia wa madimbwini, na wale wanaoganda kwenye miamba ndani ya nyumba ndogo ya vigae vyeupe wakirusha miguu yao majini kukamata chakula. Hawa wa miambani walihesabiwa kwa muda mrefu kuwa jamaa wa konokono na chaza. Mtafiti wa viumbe John Vaughan Thompson ndiye aliyeonyesha mwaka 1830 kwamba watoto wao huogelea kama watoto wa krasteshia wengine kabla ya kujigandisha. Charles Darwin aliwachambua kwa miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854.

*Pumzi.* Matamvua, kwa walio wengi. Ndiyo maana kaa wa nchi kavu hutafuta unyevu: matamvua yake yakikauka amekwisha.

*Ukuaji.* Wengi hupitia hatua za utoto zisizofanana na mzazi hata kidogo, lakini hatua hizo hufanyika majini, katika miili midogo, na bila hadubini huzioni. Kwa hiyo hapa mwanzoni utaona sehemu tu ya hadithi.

Kuna njia ya kuuzunguka ugumu huo. Chini ya mawe na magogo yaliyooza wanaishi viumbe wadogo wa kijivu, wenye vigae mgongoni na miguu 14, na aina nyingine hujikunja kama goroli wakiguswa. Hawa ni krasteshia waliohamia nchi kavu. Mama hubeba mayai kwenye mfuko wenye majimaji chini ya kifua, kana kwamba amebeba kidimbwi chake mwenyewe. Na wanapojivua gamba hawajivui lote kwa pamoja: nusu ya nyuma hutoka kwanza, na ya mbele siku kadhaa baadaye. Ukimkuta mmoja ana rangi mbili, nyuma amepauka na mbele ana kijivu cha kawaida, umemkuta katikati ya kazi hiyo. Mwache mahali pake na urudi kesho.

Mwenye hadubini, hata ya kawaida ya shule, amtafute dafnia kwenye maji ya bwawa. Mwili wake unapenyeza mwanga. Utauona moyo ukidunda haraka mgongoni, chakula cha kijani kimejaa utumboni, na kwa jike, mayai au watoto ndani ya mfuko wa mgongoni.

*Wingi wa aina.* Spishi zilizoelezwa zinakaribia 70,000, lakini tofauti za maumbo ni kubwa kuliko za wadudu wote. Majina ni magumu kwa anayeanza.

*Kuwapata na hatari.* Inategemea maji: pwani, mto, bwawa, au angalau gogo lenye unyevu. Koleo la kaa linabana kweli, na mawimbi kwenye miamba ni hatari kuliko kaa mwenyewe. Usifuatilie kaa huku umeipa bahari mgongo.

*Wanamfaa nani.* Mtu wa maji, na mtu anayesumbuliwa na swali la asili: wadudu walitoka wapi?

Jongoo na tandu

*Umbo.* Kichwa, kisha pingili zinazojirudia mpaka mwisho. Jongoo ana jozi mbili za miguu kwa karibu kila pingili. Tandu ana jozi moja. Tofauti hii pekee inatosha kuwatenganisha. Jozi za miguu ya tandu mzima daima ni witiri, kuanzia 15 hadi 191, hivyo hakuna tandu mzima mwenye miguu 100 kamili. Kwa upande wa jongoo, aliyepita miguu 1,000 alitangazwa mwaka 2021 tu: kiumbe mwembamba, asiye na macho, aliyepatikana mita 60 chini ya ardhi magharibi mwa Australia, akiwa na miguu 1,306.

*Pumzi.* Mirija ya hewa kama wadudu, ila gamba lao halizuii vizuri upotevu wa maji. Kwa hiyo watafute baada ya mvua au chini ya vitu vyenye unyevu.

*Ukuaji.* Jongoo huanguliwa akiwa na pingili chache, na anaongeza pingili na miguu kila anapojivua gamba. Kumpima na kumhesabu mara kwa mara ni zoezi zuri, ingawa linachukua miezi. Baadhi ya tandu majike hujizungusha kwenye mayai yao na kuyalinda mpaka watoto watoke.

*Wingi wa aina.* Jongoo takriban 12,000, tandu takriban 3,000. Ni kundi dogo kuliko yote manne, lenye kueleweka haraka kwa jumla.

*Kuwapata na hatari.* Jongoo ni mpole, hula majani yaliyooza, lakini akibughudhiwa hutoa majimaji yenye harufu kali. Niliwahi kumbeba mmoja kiganjani na doa la hudhurungi likabaki kwa siku kadhaa. Yakiingia machoni yanaunguza, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kujigusa uso. Tandu ni mwindaji. Miguu yake ya kwanza imegeuka kuwa makucha ya sumu na maumivu yake ni makali. Mtazame, usimshike.

*Wanamfaa nani.* Anayetaka kuuelewa mpango wa mwili wa arithropodi katika sura yake iliyo wazi. Pingili zile zile ambazo kwa nyuki zimeungana kuwa kichwa, kifua na tumbo, kwa jongoo zimeachwa zihesabike.

Uchague kwa kuangalia hali yako

Kama una mwezi mmoja tu, au unafundisha watoto wanaohitaji kuona matokeo, chukua kiwavi. Hakikisha una mmea aliokuwa akiula, kwa maana wengi hukataa majani mengine wakafa njaa.

Kama unaishi ghorofani bila bustani, buibui wa kwenye dirisha anatosha. Usimhamishe, andika saa anazofuma, anachokamata, na anachoacha.

Kama mtoto ni mdogo na hupenda kushika kila kitu, wale wa kijivu wa chini ya magogo ndio salama kuliko wote niliowataja. Jongoo angoje mpaka mtoto ajue kunawa bila kukumbushwa, na nge na tandu watazamwe kwenye picha.

Kama uko karibu na pwani au bwawa na una hadubini, nenda kwa krasteshia. Wengine wote watakusubiri. Bila hadubini, ningekushauri uanze na kundi la nchi kavu kwanza, la sivyo utakata tamaa mapema.

Kama unachosomea ni mtihani, fanya kinyume cha vitabu vingi: anza na jongoo, uhesabu pingili zake, kisha umweke panzi kando yake, kisha kamba, kisha buibui, na kila mara ujiulize ni pingili zipi zimeungana na miguu ipi imegeuka kuwa kitu kingine. Majina ya sehemu yatakaa kichwani bila kukaririwa.

Na kama bado huwezi kuchagua, subiri mvua inyeshe, kisha kesho yake asubuhi nenda kwenye gogo lililooza. Ligeuze kwa kijiti, ukilivuta kuja upande wako ili chochote kilicho chini yake kikimbilie mbele, mbali na miguu yako. Mara nyingi utakuta zaidi ya kundi moja hapo, na ukiwa na bahati yote manne. Watazame kwa dakika chache, uandike nani alikuwepo na nani alikimbia kwanza, kisha lirudishe gogo kama lilivyokuwa, taratibu, usije ukawaponda waliobaki.